Arusha au Dodoma? Somo kwa Mume na Mke Wanaotaka Kuhama

Kila mwaka mavuno yakiisha kuingia ghalani huja watu kwa mwinjilisti au kwa mchungaji wakitaka shauri la kuhama. Zamani swali lao lilikuwa moja tu: Je, twende mjini au tukae kwetu? Siku hizi swali limegeuka. Wengi wanapofika kwetu wamekwisha kukata shauri la kwenda, na lililobaki ni kujua mji upi. Walimu wengi wa usharika huulizwa neno hili, nao hawana jibu ila kusema, Ombeni. Kuomba ni kwema kabisa, lakini mwenye kuomba amepewa pia macho ya kutazama na vidole vya kuhesabia, na katika somo hili twataka kuyatumia macho na vidole.

Atokaye Endasak hushika barabara ya kwenda Babati, akiuacha mlima Hanang nyuma yake. Pale Babati njia hugawanyika. Ya kaskazini yapita Minjingu hata Arusha, na ya kusini yapita Kondoa hata Dodoma. Wazee wetu hawakuwa na shida ya kuchagua hapo. Mpaka mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipokatwa, wilaya yetu ilikuwa ya mkoa wa Arusha. Mtu akisema anakwenda mjini kwa shauri la serikali, kwa hospitali kubwa au kununua bati, kila mtu alijua ni Arusha. Njia ya Dodoma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, na aliyeipita alisimulia safari yake kama mtu aliyeokoka. Lakini mwaka 2018 barabara ya lami kutoka Dodoma hata Babati ilifunguliwa, yapata kilomita 250, na tangu siku hiyo miji yote miwili i mlangoni petu. Ndiyo maana swali ni jipya, na ndiyo maana wazee wengi hawawezi kulijibu kwa maisha yao wenyewe.

Kuhama kwenyewe si jambo geni kwetu. Wairaqw hukitaja kiini cha nchi yao kuwa Irqwar Da'aw, kule milimani karibu na Mbulu, nao katika karne ya 20 walienea kutoka huko hata Karatu na hata Hanang, kila kizazi kikitafuta shamba jipya. Wadatoga nao walihama na ng'ombe wao tangu zamani, wakifuata majani na maji. Lakini yako tofauti moja kubwa. Wale walihama kutoka ardhi hata ardhi. Wa leo wanahama kutoka ardhi hata mshahara. Shamba likikosa mvua mwaka huu, mwakani lipo pale pale. Kazi ya mjini ikiisha, hakuna kitu kilichobaki chini ya miguu yako ila sakafu ya mwenye nyumba.

Hatuwalaumu watakao kwenda. Mashamba yamegawanywa kwa ndugu na wana wa ndugu hata mengine hayatoshi kulisha nyumba moja. Tena tarehe 3 Desemba mwaka 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh na Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80. Wako waliopoteza nyumba na shamba kwa asubuhi moja, na wengine ambao hawakupoteza kitu hawalali vizuri mvua ikinyesha usiku. Mtu akisema ataondoka kwa sababu hiyo, tusimwambie kwamba ana imani haba.

Basi na tuseme yuko mume na mke wa Endasak, wenye watoto watatu. Hatumtaji mtu yeyote. Tumewaunda hawa wawili kwa habari za wengi, ili tusimwaibishe mtu. Mume ni fundi mwashi. Mke ni mshonaji, ana cherehani yake mwenyewe, na kila Januari huwashonea watoto wa shule sare zao. Wana shamba la ekari tatu la mahindi, maharage na mbaazi, walilopewa na baba wa mume. Mume ataka Dodoma. Mke ataka Arusha. Wamesemezana kwa miezi mingi hata sasa hawasemezani tena.

Tumsikilize mume kwanza, maana maneno yake si ya kipuuzi. Dodoma, asema, ndiko kunakojengwa. Serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa itahamia huko kwa kweli. Mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Wizara zikajengewa mahali pake pale Mtumba, nje ya mji. Chuo kikuu kipo tangu mwaka 2007. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam hata Dodoma. Hesabu za watu zamshuhudia. Katika sensa ya mwaka 2012 jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442, na Dodoma 410,956, yaani karibu sawasawa. Katika sensa ya mwaka 2022 Arusha ilikuwa na watu 617,631, na Dodoma 765,179. Watu zaidi ya laki tatu na nusu waliongezwa Dodoma kwa miaka kumi, nao wote hulala ndani ya kuta. Kuta hujengwa na mwashi.

Naye mke ana yake. Arusha, asema, yuko dada yangu, na watoto wakiugua sitakuwa peke yangu. Hali ya hewa ni kama ya kwetu, ya baridi, na mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka; Dodoma ni nchi kavu yenye mvua moja, na joto lake silijui. Arusha kuna soko la kila namna ya nguo, kuna wageni wapitao kwenda Serengeti na Ngorongoro, kuna ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye cherehani hakosi kazi. Tena ni karibu zaidi na nyumbani, na mama yangu ni mzee.

Hapa mwalimu wa usharika hujaribiwa kuwa hakimu, kusema huyu ameshinda na huyu ameshindwa. Afadhali asifanye hivyo kabla hajayapima maneno yenyewe, maana kila mji una upande wake wa pili, ambao anayeupenda hautaji.

Dodoma yangoja neno la serikali, na neno la serikali lina saa yake. Chama cha TANU kilikata shauri la kuhamisha makao makuu mwaka 1973. Bunge likaja kukaa huko miaka ya 1990. Lakini ofisi za serikali zenyewe zilikaa Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini tangu shauri lile. Waliohamia Dodoma wakiwa vijana, wakitumaini kwamba mwakani mji utajaa, walizeeka wakingoja. Siku hizi mji umejaa kweli. Lakini ujenzi wa ofisi kubwa huisha, na mafundi waliokuja kwa ajili yake hubaki wengi kuliko kazi. Ajaye sasa ajue kwamba anaingia katika karamu iliyokwisha kuanza, na kwamba kazi itakayobaki kwa miaka mingi ni ya nyumba ndogo ndogo za watu, si ya majumba ya serikali.

Arusha nayo hula kwa mkono wa mgeni. Mwaka 2019 wageni waliofika Tanzania walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walikuwa 620,867. Ndege zilipoacha kuja, waliokosa kazi hawakuwa waongozaji wa wageni peke yao. Mpishi alikosa, dereva alikosa, muuza mboga aliyempelekea mpishi alikosa, na mshonaji aliyewashonea wake zao alikosa. Mke hakulisema neno hili, wala mume hakulijua ili amkumbushe. Tena maji ya pande za mlima Meru mara nyingi yana madini ya floridi, ambayo yakizidi huyatia meno rangi ya kahawia na kuidhuru mifupa ya watoto wanaokua. (Sisi wa Hanang na Mbulu hatuwezi kuwacheka, maana kwetu nako yapo, kila mtu awatazame wanawe wanapocheka.)

Basi, kila mmoja amesema kweli, na kila mmoja ameiacha nusu ya kweli nyumbani. Kwa sababu hiyo twawashauri walimu wawape mume na mke kazi hii: mume auseme ubora wa Arusha mbele ya mkewe mpaka mke akiri kwamba ameusema vizuri, kisha mke aiseme Dodoma vivyo hivyo. Ni kazi ngumu kuliko idhaniwavyo. Wengine hucheka, wengine hukasirika katikati. Lakini mtu akikosa kuyasema maneno ya mwenziwe, ni dhahiri kwamba hajayasikia.

Mara nyingi katika kazi hiyo hutokea neno ambalo halikusemwa. Tuwatazame wawili wetu. Je, ni kweli kwamba mke ataka Arusha kwa ajili ya kushona? Mshonaji hupata kazi penye watu wapya wasio na fundi wao. Na watu wapya, kama tulivyoona, wamezidi Dodoma, pamoja na watoto wao wanaohitaji sare kila Januari. Kwa kazi ya cherehani Dodoma haishindwi. Linalomtia hofu ni jingine: mume ataondoka alfajiri kwenda kwenye ujenzi na kurudi usiku, naye atabaki katika chumba kimoja na watoto watatu, hajui lugha ya majirani nyumbani mwao, hajui duka la kukopa chumvi. Hiyo ni hofu ya haki. Mume akiijibu kwa hesabu za sensa, amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Vivyo hivyo mume. Je, ni kazi tu? Yamkini Arusha yuko shemeji mwenye nyumba yake na gari lake, na mume haoni vema kuanza maisha akiwa mgeni sebuleni kwa dada wa mkewe. Hili nalo mwanamume halitaji, atasema ujenzi, ujenzi. Mwenye kutoa shauri aulize kwa upole, na mke asiwepo.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalitambui, nalo ni kwamba chombo huhama lakini jina halihami. Cherehani hupakiwa juu ya basi, na mwiko na timazi hutiwa mfukoni. Lakini watu wa Endasak wajuao kwamba ukuta wa huyu haupasuki, na kwamba sare ya yule haichanuki mshono, hao hawapakiwi. Mjini wote wawili wataanza bila jina, kwa ujira wa chini, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Swali la kuulizana basi si mji upi una kazi nyingi. Ni mji upi wawili hawa waweza kuuvumilia katika mwaka ule wa kutojulikana.

Kwa hiyo waende wakaone, na waende wote wawili. Twasikitika kila tunapoona mume ametumwa peke yake kama wale wapelelezi, akarudi na habari za barabara na majumba, asijue bei ya debe moja la mahindi wala gunia la mkaa. Tena waende katika majira mabaya. Dodoma waione mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, joto likiwa kali na vumbi likiruka. Arusha waione mwezi wa Julai, kwa baridi, au katika masika njia za pembeni zikiwa tope. Wakae juma zima, si usiku mmoja. Wapande daladala alfajiri kutoka mtaa wenye vyumba vya bei nafuu hata mahali pa kazi, wahesabu nauli ya siku sita. Wamwulize mwenye nyumba ataka kodi ya miezi mingapi kwa mara moja, maana wengine hutaka mitatu, wengine sita, wengine mwaka mzima, na hapo ndipo akiba za wengi huishia kabla hawajanunua hata kitanda. Wasiwaulize wale warudio nyumbani wakati wa Krismasi na viatu vipya. Hao husimulia viatu. Madeni wameyaacha mjini.

Wakisha kuona, waandike hesabu katika daftari: kodi ya miezi sita, chakula cha miezi mitatu pasipo mapato, nauli ya kurudi kwa wote watano. Ile nauli ya kurudi isiguswe kwa lo lote ila kurudi. Ada ya shule haimo, maana tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, katika miji yote miwili sawasawa. Lakini sare na madaftari yamo. Mwaka wa shule huanza Januari, basi barua ya uhamisho wa mtoto iombwe kwa mwalimu mkuu kabla ya shule kufungwa Desemba.

Sasa tuje kwenye shamba, maana hapa ndipo tumeona machozi. Watu wengi huuza ekari zao ili wapate mtaji wa mji. Sisi twaona ni vibaya, na twasema waziwazi: asiuze. Fedha ya ekari tatu yaweza kuliwa na mji kwa muda mfupi sana, na ekari hazirudi, maana bei ya ardhi ya kwetu inapanda. Tena si neno la mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwenziwe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaibatilisha desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mwanamume akijibu kwamba shamba ni la baba yake, aulizwe ni nani aliyelipalilia.

Lakini wasiliache hivi hivi tu, wakidhani litawangoja. Sheria hiyo hiyo ya vijiji yasema kwamba ardhi isiyotumiwa kwa muda wa miaka mitano yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Basi walikodishe kwa ndugu au jirani kwa msimu mmoja mmoja, waandike karatasi, na mashahidi watie sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wengine huona haya kumwandikisha ndugu. Karatasi haimtukani ndugu, humsaidia kukumbuka. Nusu ya mavuno ikiwa ndiyo malipo, magunia mawili ya mahindi yakipakiwa kwenye basi la Dodoma au la Arusha ni msaada mkubwa kuliko barua kumi za faraja.

Watatuuliza: Je, ninyi mwasemaje, Arusha au Dodoma? Kwa hawa wawili tulioeleza twaona Dodoma, lakini kwa sharti. Mume afanye kwanza kazi ya kumtafutia mkewe watu. Na ziwe nyumba mbili walau, zenye wanawake wa kwetu au wa usharika wa huko, ambazo mke amekwisha kuingia na kunywa chai wakati wa lile juma la kutazama, na chumba kipangwe karibu nazo, hata kama ni mbali kidogo na ujenzi. Akikosa nyumba hizo, waende Arusha, na mume ajifunze kuketi sebuleni kwa shemeji kwa miezi michache, haiui. Dada wa mke aliye karibu ni mali isiyoandikwa katika daftari, lakini yapita mishahara mingi mtoto akishikwa na homa usiku.

Jambo ambalo hatulikubali ni lile la mume kutangulia peke yake. Husemwa ni miezi mitatu tu. Tumewaona watangulizi wa namna hiyo katika kila usharika. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa mitano, fedha ikaja kwanza kila mwezi, kisha kila Krismasi, kisha ikaja habari tu. Hatusemi kila mmoja ni mwovu. Twasema chumba cha mwanamume mmoja mjini ni baridi, na baridi hutafuta moto. Kama fedha haitoshi kwa wote watano, basi haijatosha. Wangoje mavuno mengine.

Wasomaji watamkumbuka Loti, aliyelichagua bonde kwa sababu ya maji yake. Tusimlaumu kwa kuyatazama maji, mwenye mifugo asipoyatazama ni mjinga. Alichokosa ni kuuliza habari za majirani. Wala katika habari ile hatusomi kwamba aliulizana na mkewe.

Wakisha kukata shauri, wapange pia siku ya kulitazama tena, na siku hiyo iandikwe: tuseme baada ya mavuno ya pili. Siku hiyo kila mmoja awe na ruhusa ya kusema, Turudi, au, Twende mji ule mwingine, na mwenziwe asimwite msaliti. Mke aliyekubali Dodoma kwa muda wenye mwisho huvumilia vizuri kuliko yule aliyeambiwa ni milele. Siku ikifika wengi hawarudi, tumeona hivyo. Lakini wanakaa kwa hiari yao.

Wazazi waambiwe na wote wawili pamoja, mume na mke wakiketi mbele yao, kabla ya jirani kuwaambia. Ielezwe nani atamlimia mama mzee, nani atampeleka hospitali, na fedha itatoka wapi. Mzee akinyamaza, wasidhani amekubali. Warudi kesho yake.

Mwisho wachukue barua ya usharika, yenye majina ya watoto na tarehe za ubatizo wao. Wengi huenda bila barua, kisha baada ya miaka mitatu huandika wakiitaka kwa haraka, kwa sababu mtoto anataka kuingia darasa la kipaimara. Barua iombwe mwezi wa Novemba. Desemba tuna arusi nyingi, na wino wa ofisi huisha.